31 au 32

Mtihani ulikuwa wa kuchuja waombaji wa kazi za TEHAMA, na swali lilikuwa fupi: 1, 2, 4, 8, 16, kisha nafasi wazi. Chini yake majibu manne: 24, 30, 31, 32. Kwenye kona ya skrini saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma, na kwa muda uliobaki na maswali yaliyobaki, swali hilo halikustahili zaidi ya sekunde arobaini.

Mtu yeyote aliyesomea kompyuta anaujua mlolongo huo hata akiamshwa usiku wa manane. Kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia, jibu ni 32. Kishale cha kipanya kilikuwa tayari juu yake. Ndipo macho yakaangukia 31.

Nikasita.

Msimamizi alikuwa anapita polepole katikati ya mistari ya meza. Kushoto kwangu mtu alikuwa anabonyeza bila hata kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nachora duara kwenye karatasi ya kukokotolea.

## Utetezi wa 31

Weka nukta kwenye ukingo wa duara, kisha unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari ulionyooka, ukiangalia mistari mitatu isikutane mahali pamoja ndani ya duara. Hesabu vipande. Nukta moja haina cha kuunganishwa nacho, kwa hiyo duara linabaki kipande kimoja. Nukta mbili, vipande viwili. Tatu, vinne. Nne, vinane. Tano, kumi na sita. Kufikia hapo unaweza kuapa kwamba nukta sita zitaleta thelathini na viwili.

Zinaleta thelathini na kimoja.

Wala huhitaji duara. Vijitabu vya kujiandaa na mitihani ya mchujo vinafundisha mbinu ya tofauti: toa kila namba kwenye inayofuata, ushuke ngazi kwa ngazi mpaka ufikie namba isiyobadilika, kisha upande. Tuifuate kama ilivyoandikwa. Ngazi ya kwanza inatoa 1, 2, 4, 8. Ya pili, 1, 2, 4. Ya tatu, 1, 2. Ya nne inabaki 1 peke yake. Ichukulie hiyo kuwa haibadiliki, uanze kupanda: 2 na 1 ni 3, 4 na 3 ni 7, 8 na 7 ni 15, 16 na 15 ni 31.

Yaani mbinu ileile tunayokariri ili tufaulu inatupeleka kwenye jibu litakalosahihishwa kuwa kosa.

Ukitaka ubishi zaidi, ipo kanuni yenye jina la Lagrange, mwanahisabati wa karne ya 18, inayokuwezesha kuunda fomula inayopita kwenye namba zozote tano na kutua kwenye ya sita unayoitaka mwenyewe. 24 ina fomula yake. 30 pia.

Nilibonyeza 32, nikaendelea na maswali mengine. Lakini swali lile liligoma kubaki ukumbini. Lilinifuata kwenye foleni, likanifuata kitandani, na kilichonikera hakikuwa alama, maana nina hakika ile alama niliipata. Kilichonikera ni namna nilivyoipata. Sikutatua kitu. Nilijiuliza aliyetunga swali ni mtu wa aina gani na anataka kusikia nini, nikamwambia.

## Orodha ya wafanyakazi wote

Chukua ombi linaloweza kuingia kwenye kitengo cha TEHAMA cha taasisi yoyote ya umma: "Tunaomba orodha ya wafanyakazi wote kutoka kwenye mfumo wa mishahara."

Sentensi moja, haina neno gumu. Wote ni kina nani? Walio likizo bila malipo wamo? Walioazimwa idara nyingine wanahesabiwa huku au kule? Aliyestaafu mwezi huu huku mafao yake bado yanashughulikiwa? Wa mkataba? Waliofariki ambao taarifa zao hazijafungwa? Halafu orodha ya tarehe ipi: leo, au siku mishahara ilipolipwa?

Afisa anayebahatisha atatoa orodha ndani ya dakika kumi na atasifiwa kwa wepesi. Afisa anayeuliza atachelewa mpaka kesho, na mwenye ombi atanuna. Ila wafanyakazi hewa huishi kwenye mwanya uliopo kati ya maafisa hao wawili.

Nimefanya kazi hizi kwa mikataba ya muda kwa miaka kadhaa, na kama kuna kitu kimoja kinachomtenganisha anayejua na asiyejua, ni pale anaposita. Anayejua husita mahali panapostahili. Anasoma ombi, anaona pana maana mbili, anainua simu.

Ukumbini simu imeachwa mlangoni, na mkono ukiinuliwa ni wa kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Kwa hiyo wiki zile za kwanza hukumu yangu ilikuwa tayari: mtihani wa mchujo kwa kazi za TEHAMA unawapenda watu ambao ukishawaajiri watakuletea hasara. Nilikuwa nimeanza hata kuliandika hilo. Andiko lilikuwa kali na lilinipendeza sana, na huenda hiyo peke yake ilitosha kunipa wasiwasi.

## Tangu 1955

Mtindo huu una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilitengeneza mtihani wake wa kupima vipaji vya uprogramu mwaka 1955. Ulikuwa na milolongo, michoro ya kulinganisha na hesabu za mafumbo. Mtahiniwa wa leo akiwekewa karatasi ile hatashangaa sana.

Sababu ya kuutengeneza ilikuwa ya kweli. Kompyuta zilikuwa zinaenea haraka kuliko walivyopatikana watu wa kuziandikia programu, na shahada ya fani hiyo ilikuwa bado haijazoeleka kiasi cha kuulizwa kwenye tangazo la ajira. Hakuna aliyejua mwanaprogramu mzuri anafananaje. Wakakisia kwamba anafanana na mtu anayepatia mafumbo.

Katika miaka ya 1960, watafiti waliporudi kulinganisha alama za mitihani ya namna hiyo na utendaji kazini, mara nyingi uhusiano walioukuta ulikuwa hafifu. Mitihani haikuondoka. Mwaka 1966 wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry wakatoa utafiti juu ya mambo yanayowavutia wanaprogramu, na mojawapo ya waliyoyaona ni kwamba watu hawa hawazipendi sana shughuli za kukaa karibu na watu. Picha ya mtaalamu wa kompyuta mkimya, anayejifungia na mashine yake, ikapata muhuri wa kitaalamu.

Mimi nauliza tu: ukichuja kundi kwa miaka kwa kutumia mafumbo ya kimyakimya, kisha ukawapima waliobaki ukakuta ni wakimya wapenda mafumbo, umegundua nini hasa?

## Dada

Malalamiko yangu niliyapeleka kwa dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa kwenye timu za kutunga maswali ya mchujo. Nilitegemea angenionea huruma.

"31 hata mimi ningeiweka," akasema. "Ni chambo. Aliyekosea kwa moja anaikuta pale, anafurahi, anaondoka nayo."

"Lakini dada, ni jibu sahihi."

"Kwako. Mdogo wangu, nikiwa na waombaji maelfu na nafasi nne, sina muda wa kutafuta aliye bora kuliko wote. Natafuta kubaki na watu wachache ninaoweza kukaa nao chumba kimoja nikawasikiliza. Na wale niliowaacha wasiweze kusema nimewaacha kwa sababu hawana mjomba."

Nikamwambia kwamba hiyo ni bahati nasibu yenye heshima.

"Basi niambie kulikuwa na nini kabla yake."

Kabla yake kulikuwa na vimemo kutoka kwa wakubwa. Hilo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kutafuta kazi serikalini, popote pale. China walilishughulikia kwa mitihani ya kifalme iliyodumu kwa zaidi ya miaka 1,000 hadi ilipofutwa mwaka 1905, na mtahiniwa alikuwa anajaribiwa kwa maandiko ya kale ambayo hayakuwa na uhusiano wa moja kwa moja na kukusanya kodi wala kujenga mifereji. Uingereza ilipata ripoti ya Northcote na Trevelyan mwaka 1854, iliyopendekeza watumishi waingie kwa mtihani wa ushindani badala ya kupachikwa na wakubwa. Marekani ilihitaji msiba: Julai 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyeamini anadaiwa cheo kwa kuunga mkono chama, na akafariki Septemba mwaka huohuo. Sheria ya Pendleton, iliyoweka mitihani kwa sehemu ya ajira za serikali kuu, ilipitishwa Januari 1883.

Sikuhitaji kukumbushwa lolote kati ya hayo. Lakini nilikuwa nimelihesabu kosa upande mmoja tu. Swali la 31 au 32 linaweza kumnyima nafasi mtu makini aliyekwama kuchora maduara. Kimemo kinawanyima maelfu, na hawatajua kamwe kwamba walinyimwa. Mtu wa 32 na mimi wa duara tuliingia kwa mlango mmoja, tukakaa viti vya aina moja, na mashine iliyotusahihisha haikujua babu zetu ni nani.

Andiko langu kali nikalifuta karibu lote.

Karibu.

## Namba zilizoshuka

Kuna jambo ambalo dada hakulitetea vizuri, nami sikumwachia. Nilimuuliza kama kweli mtihani unatabiri atakayefanya kazi vizuri. Akanitajia 0.51.

Wanaofuatilia mambo ya ajira wanaijua namba hiyo. Frank Schmidt na John Hunter waliitoa mwaka 1998 walipokusanya pamoja matokeo ya tafiti za miaka 85: uhusiano kati ya alama za mitihani ya uwezo wa akili kwa jumla na utendaji kazini. 1 ingekuwa utabiri kamili, 0 ni kubahatisha. Kwa mambo ya binadamu 0.51 ni kubwa, na imenukuliwa mno na watu wanaotaka kuacha mambo yalivyo.

Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliirudia hesabu. Walionyesha kwamba namba za tafiti za zamani zilikuwa zimerekebishwa kwenda juu kupita kiasi, na namba ikashuka hadi 0.31. Aliyeongoza jedwali lao alikuwa usaili wa mahojiano wenye maswali yaliyopangwa, yaleyale kwa kila msailiwa, kwa 0.42.

0.31 si takataka. Ukichagua watu elfu kwa kipimo hicho utapata kundi bora kuliko la kura ya bahati. Ukimtazama mtu mmoja, aliyepata 58 na akaachwa kwa sababu mstari ulichorwa kwenye 60, haikuambii kitu cha kumwambia usoni.

Juu ya hapo kuna mazoezi. Wanaorudia mitihani hii hupanda alama, jambo ambalo watafiti wameliona mara nyingi na sisi tunaopiga msuli tunalijua kwa miili yetu. Nimekuwa mwepesi sana wa milolongo. Nikiona namba sita najua kabla ya kuwaza kama ni kuzidisha, au ni milolongo miwili iliyosukwa pamoja, au ni namba tasa. Nimekuwa mwepesi pia wa kubahatisha kwa hesabu: jibu baya likikatwa theluthi moja ya alama kwenye maswali ya majibu manne, kubahatisha kipofu hakukupi wala hakukunyimi, ila ukishaliondoa jibu moja tu, kubahatisha kunalipa. Hayo yote yameingia kichwani mwangu, na uwezo wangu wa kuangalia seva iliyolala, ile kompyuta inayobeba mfumo wa ofisi nzima, nikajua pa kuanzia umebaki palepale.

Pendekezo langu kwa dada lilikuwa la kawaida: mpeni mtu kazi. Kurasa mbili za kumbukumbu za seva, malalamiko ya mtumiaji mmoja, nusu saa, aandike angeangalia nini kwanza na angemuuliza nani.

"Nani asahihishe?" akauliza.

"Wataalamu."

"Wangapi? Kwa karatasi elfu tatu? Na kila mmoja ana mpwa."

Hapo tulikwama wote wawili, na sijaona aliyepita. Kadiri kipimo kinavyokaribia kazi yenyewe ndivyo kinavyohitaji jicho la mtu, na jicho la mtu ndilo tulilokuwa tunalikimbia.

## Haiwezekani kujua

Katika kubishana huko nilirudi kwenye maswali ya kujifunzia niliyokuwa nayo nyumbani, safari hii nikiyasoma kama mtu anayekagua. Nikaikuta sehemu ambayo siku zote nilikuwa naiharakisha: ile ya kusoma aya fupi na kuamua kama kauli ni kweli, si kweli, au haiwezekani kujua.

Huwa iko hivi. Aya inasema: Seva zote za idara zilifanyiwa matengenezo wiki iliyopita. Baada ya matengenezo hayo, malalamiko ya watumiaji yalipungua. Kauli: Matengenezo ya seva ndiyo yaliyopunguza malalamiko.

Mtu wa TEHAMA anabonyeza "kweli" kabla hajamaliza kusoma. Ni lazima ni matengenezo, ni nini kingine? Na hapo anapigwa, maana aya haikusema. Huenda wiki ile nusu ya watumiaji walikuwa likizo. Huenda simu ya dawati la msaada ilikuwa mbovu na malalamiko hayakuingia. Jibu ni "haiwezekani kujua", na uzoefu wa kazi unalifanya kuwa gumu zaidi, kwa sababu unakuja na sababu zako kutoka nyumbani.

Nani kati yetu hajawahi kuandika kwenye ripoti ya tukio kwamba mfumo ulirudi hewani baada ya kuwashwa upya, na kila msomaji akaelewa kwamba uliponywa na kuwashwa upya? Wiki mbili baadaye unalala tena saa ileile ya usiku, na mtu mmoja mwenye subira anagundua kwamba diski ilikuwa inajazwa na faili za muda, na kuwasha upya kulikuwa kunazifuta tu. Yule mwenye subira, siku ya kwanza, alikuwa amejibu "haiwezekani kujua" na kila mtu akamwona mzito.

Kumbe karatasi ileile inayokuadhibu kwa kusita kwenye namba inakuadhibu kwa kutosita kwenye maneno. Ukurasa mmoja unataka umwamini mtungaji bila swali, unaofuata unataka usimwamini hata alipokaribia kusema. Sidhani kama yupo aliyekaa akapanga hivyo kwa makusudi. Sehemu hizi hukusanywa kutoka vyanzo tofauti na kubandikwa pamoja, na mzani wa alama huwekwa bila kuuliza kila kipande kinafundisha tabia gani.

Nilimpigia dada nikamwambia nimepata ombi dogo ambalo halihitaji msahihishaji hata mmoja: punguzeni milolongo, ongezeni aya. Na kwenye milolongo yenyewe wekeni jibu la tano, "maelezo hayatoshi", mahali panapostahili. Mashine itasahihisha vilevile. Mwenye mpwa hatapata pa kuingilia.

"Watalalamika ni mtego," akasema.

"Wakilalamika kwa hoja, waiteni kwenye mahojiano."

Akacheka, akasema ataona. Hayuko tena kwenye timu hizo, kwa hiyo sijui ataona nini.

## Kwenye jopo

Nilipita mchujo. Siku ya mahojiano walikuwa watu watano upande wa pili wa meza, mmoja tu ndiye wa fani. Maswali yalisomwa kutoka kwenye karatasi, yaleyale waliyoulizwa walionitangulia, na baada ya kusoma habari za Sackett nilikaa nikiyathamini kuliko zamani. Taja tofauti kati ya hiki na kile. Eleza hatua za kulinda mtandao wa ofisi. Nikajibu.

Mwishoni mwenyekiti akafunga faili na kuuliza lile ambalo huulizwa kwa adabu tu: "Una swali lolote kwetu?"

Tunashauriana tuseme hapana, asanteni sana. Mimi nilikuwa nimebeba swali kwa wiki kadhaa.

"Ninalo, ndugu mwenyekiti. Mara ya mwisho kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu ilikuwa lini?"

Wanne wakamgeukia yule wa fani. Akasema nakala zinachukuliwa kila usiku, saa nane, bila kukosa, na nyingine inapelekwa jengo jingine.

"Kuchukua nimeelewa. Kurejesha?"

"Hatujapata sababu ya kurejesha."

Kisha yeye akaniuliza, na swali hili halikuwa kwenye karatasi, ningeanzia wapi kama ningekuwa yeye. Nikamuuliza kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, ina ukubwa gani. Akaniambia. Nikamuuliza kuna seva ya akiba isiyotumiwa na mtu. Akasema ipo moja, ya zamani. Tukaanza kupanga: kuirejesha nakala ya juzi kwenye seva ile, kuhesabu mistari ya kila jedwali na kuilinganisha na mfumo ulio hai, kujumlisha malipo ya mwezi mmoja pande zote mbili tuone kama senti zinakubaliana, na kupima yote hayo yanachukua saa ngapi, maana siku mfumo ukifa kweli hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza mkurugenzi. Alikuwa ameshaanza kuandika nyuma ya fomu yangu ya alama.

Mwenyekiti akatazama saa, akasema kuna wasailiwa wengine wanasubiri nje.